Nilirudisha Ng'ombe wa Mahari ili Filamu Yangu Ipendeze

Kosa ni langu. Simsukumii Shetani, maana siku ile Shetani hakuwa na sababu ya kusumbuka kuja Suguti. Mimi nilikuwepo!

Mimi, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, niliyefundisha watu mafundisho ya ubatizo mpaka sauti ikakauka, niliwaambia vijana waswage nje ng'ombe wa mahari waliokwisha kuingia zizini. Nao wakatii. Laiti wangekuwa wakaidi kama vijana wengine!

Kama ulizaliwa pande zetu za Mara, najua umeshashika kichwa. Kama ulizaliwa kwingine, sogea karibu nikueleze. Cheka kwanza. Kisha unionee huruma, kama itabaki.

Nilikuwa mpiga picha mjini Musoma tangu enzi za foleni, tulipopanga mstari kwa kipande cha sabuni, na filamu ya kamera uliipata kwa kumjua mtu. Nashukuru Mungu, siku zile zilipita. Zikaja siku za ruksa, maduka yakajaa, hata vitu ambavyo hatukuvijua kazi yake vikawekwa dirishani.

Shemeji yangu mmoja alikuwa akihangaika na dhahabu kule Buhemba. Siku moja ardhi ikamwonea huruma. Akavuka mpaka, akarudi na kamera ya video, dude zito la haja, unalibeba begani kama mtoto mkubwa anayekataa kutembea.

"Shemeji," akaniambia, "umenitunzia dada yangu vizuri. Hii ni yako."

Ee Mungu wangu! Nilipiga magoti nikaiombea kabla ya kuiwasha. Na kazi zikaja. Harusi, vipaimara, mahafali, hata misiba. Ukiniona napita mtaani kwetu Kigera na lile dude begani, watoto nyuma yangu wanaimba, ungedhani narudi kutoka vitani nimeshinda.

Hapo ndipo kiburi kilipoanza kunong'ona. Nikawaza: kwa nini nipige harusi za watu tu? Na mimi nina hadithi yangu.

Nikaitunga. Filamu ya tajiri mmoja wa zamani za babu zetu, mwenye ng'ombe kama mchanga wa ufukweni, anayeacha mali yote ili abatizwe. Tajiri angechezwa na Zefania, mwimba tenori wa kwaya yetu, kijana mwenye kifua kipana na sauti ya kutisha ndege. Wanakwaya wengine wangekuwa wake zake, watumwa wake na maadui zake. Nia ilikuwa njema. Nilitaka injili ihubiriwe hata kwenye mabanda ya video, ambako vijana wetu walikuwa wanaangalia watu wakirushiana mateke.

Lakini filamu inataka ng'ombe, inataka karamu, inataka umati. Mimi nilikuwa na Zefania na ngozi ya mbuzi.

Basi nikaanza kudokoa. Nikilipwa kupiga harusi, napiga harusi, halafu naiba vipande vyangu humo humo. Msibani nachukua waombolezaji wangu. Kwenye ubatizo nachukua ziwa langu. Jamaa mmoja wa Bunda alinifuata na mkanda wa harusi yake mkononi.

"Mzee, mbona baada ya keki kuna mawe?"

"Ni mandhari, mwanangu."

"Mandhari ndefu hivyo? Mke wangu ameonekana kidogo kuliko lile jiwe!"

"Jiwe ni uumbaji wa Mungu."

"Hata mke wangu ni uumbaji wa Mungu, mzee!"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, badala ya kutubu.

Mke wangu, Mama Neema, aliniambia mapema. "Baba Neema, unakulaga pilau la mwenye harusi, halafu jicho unampa Zefania. Ipo siku." Nikamjibu kwamba hajui sanaa. Ndugu yangu unayesoma, mke akikuambia "ipo siku", tafuta siku hiyo ni ipi, ubaki nyumbani!

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa sita. Mzee Magesa wa Suguti, mvuvi na mkulima wa mihogo, alikuwa anamwoza binti yake Perusi. Majina yote nimebadilisha, lakini wenyewe wakisoma watajijua, na naomba radhi tena. Mchumba alikuwa Elikana, kijana wa Butiama, mwalimu aliyepangiwa kazi mbali sana, Rukwa. Alikuja kwa likizo fupi. Ng'ombe wangeletwa Alhamisi, kanisani Jumamosi, kisha maharusi wangeondoka pamoja.

Mzee Magesa aliniomba jambo moja tu. "Nipigie ng'ombe wakiingia, na mimi nikiwapokea. Wajukuu wangu waone kwamba mama yao hakutoka hapa kama dagaa wa kuokota ufukweni."

Nikamwambia, "Bila wasiwasi." Huku moyoni nafurahi kwamba filamu yangu imepata ng'ombe! Zefania nilimpakia nyuma ya gari lile lile lililonibeba mimi kwenda Suguti, na ngozi yake kwenye mfuko.

Sasa nikueleze desturi. Ukoo ule, ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini, baba wa binti anatoka ndani na koti lake, anamgusa mgongo ng'ombe wa mbele, anasema, "Nimepokea." Hapo binti ameshaolewa kwa mila. Kanisa linakuja kubariki. Lakini wale walioleta ng'ombe wakiwaswaga nje kabla baba hajagusa, maana yake ni moja: uchumba umekufa. Kwenda malishoni kesho yake na mchungaji wa nyumbani ni jambo jingine. Nazungumzia kurudishwa na wale wale, kwa fimbo zile zile.

Na mimi niliijua desturi hiyo! Kwetu ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe mkwe wangu alinigusia ng'ombe. Lakini ukichungulia kamera unafumba jicho moja, na siku ile nilifumba lile lenye akili.

Ng'ombe wakaja, vumbi juu, vigelegele vinapasua anga. Zefania nilimsimamisha langoni amevaa ngozi na fimbo ndefu, kana kwamba ndiye mwenye zizi. Wageni walidhani ni mambo ya video, wakanyamaza. Siku hizo mtu mwenye kamera aliogopwa kuliko mkuu wa wilaya. Wakaingia wote. Picha nzuri kabisa.

Ila pembeni kulikuwa na baiskeli imeegemezwa, na dumu la njano, na kijana mmoja wa msafara wa Butiama amevaa suti ya kijivu. Kwa Mzee Magesa havikuwa na ubaya. Kwa filamu yangu vilikuwa msiba. Babu zetu walipata wapi dumu la njano?

Mzee Magesa alikuwa ndani anavaa koti. Nikaona nina nafasi. Nikatoa baiskeli, nikatoa dumu, nikamwambia mwenye suti asogee. Kisha nikapaza sauti kwa waswagaji:

"Vijana, rudisheni ng'ombe! Tunapiga tena!"

Mungu anisamehe.

"Tuwatoe nje, mzee?"

"Nje kabisa. Mpaka pale kwenye mkonge."

Wakawatoa. Ng'ombe wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anavuka lango shangazi yake Perusi alipotoka jikoni na ungo wa mchele. Ungo ukaanguka.

"Yalaaa! Ng'ombe wanarudi! Wamemkataa mtoto wetu!"

Vigelegele vikakatika kama vimekatwa na panga. Mzee Wambura, kiongozi wa msafara wa Butiama, alikuwa kivulini ananawa mikono ale. Akasikia kelele, akaona mifugo yake iko nje. Akasimama na mikono inachuruzika maji.

"Mmetufukuzia ng'ombe? Tumewakosea nini?"

"Sisi?" akafoka shangazi. "Ninyi ndio mmewachukua!"

"Mwizi gani anaiba mali yake?"

Kila upande ukaamini umekataliwa na mwenzake! Fimbo zikaanza kushikwa kwa namna isiyo ya kutembelea. Nikapiga kelele, "Ni mimi! Ni kwa ajili ya picha!" Nani asikie? Zefania, kwa moyo mwema, akaona aje kunisaidia kueleza. Akatokea katikati ya watu na ngozi yake na fimbo yake. Watoto wakakimbia, mama mmoja akaita Yesu.

Aliyetuliza mambo ni bibi yake Perusi, mama mzazi wa Mzee Magesa, kikongwe mfupi kama kinu. Akamkaribia Zefania, akamzunguka, akamtazama mkononi.

"Wewe ni mzimu wa nani?"

"Mimi si mzimu, bibi. Ni tajiri wa zamani."

"Tajiri wa zamani anavaaga saa?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kiliokoa vichwa kadhaa. Nikapata nafasi ya kueleza. Wazee wakataka kuona hiyo picha iliyowatoa ng'ombe wao nje. Umeme hakuna, runinga hakuna. Ikabidi wachungulie mmoja mmoja kwenye kile kitundu cha kamera.

"Sioni kitu," akasema Mzee Wambura.

"Fumba jicho moja, mzee."

"Nimefumba."

"Umefumba yote mawili."

Alipofungua akaguna. "Nawaona. Mbona wamekuwa wadogo hivi? Wajukuu si watasema tulileta mbuzi?" Akachungulia tena. "Na huyu mwenye ngozi anayewapokea langoni?"

"Ni Zefania, mzee. Wa kwaya ya Kigera."

"Kwa hiyo sisi tumetoka Butiama, tumelala njiani, tumemtolea mahari mwanakwaya!"

Hata Mzee Magesa alicheka, na koti lake limeingia mkono mmoja tu. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikaona yamekwisha. Nikawaambia vijana waingize ng'ombe.

Bibi akainua mkono.

"Tumecheka," akasema. "Sasa ng'ombe wako nje."

Akanyoosha kidole langoni.

"Mahari hutoka zizini kwa kuachana. Hawa wametoka. Wametolewa na walioleta. Nani aliyetamka, nani aliyepiga picha, ng'ombe hawajui. Wakiingia sasa hivi kimyakimya, siku huyu binti akikosa mtoto, au mume akiumwa, kila ulimi utasema: si waliingia mara mbili? Mjukuu wangu hatembei na neno hilo mgongoni."

Sisi Wakristo hatuogopi maneno hayo, najua. Nilitaka kusimama nihubiri. Lakini ningehubiri nini? Nani alikuwa ameharibu? Bibi alikuwa anamlinda mjukuu wake dhidi ya midomo ya watu, na midomo hiyo nilikuwa nimeifungua mimi.

Mzee Wambura akakubali kwa uchungu. Mambo yaanze upya. Wazee wa Butiama wakae tena, watume mshenga tena. Ng'ombe wakageuzwa, wakaondoka na njaa yao. Jumamosi kanisani hapakuwa na harusi. Likizo ya Elikana ikaisha, na nyingine ilikuwa Desemba.

Alipita kuniaga stendi ya Musoma. Nilitegemea matusi. Akasema, "Mzee, mimi ni mwalimu, nimezoea watu wakosee. Ila Rukwa ni mbali." Akapanda basi.

Afadhali angenitukana!

Tangu hapo jina langu likabadilika. Sokoni, kanisani, kwenye mitumbwi, nikawa Bwana Tena. Nikinunua sato, muuzaji ananiuliza, "Nikufungie, au tufunge tena?" Nilivumilia. Mtu anavuna alichopanda, na mimi nilipanda ekari nzima.

Lakini kilichonitoa usingizini hakikuwa jina. Mwezi wa tisa Perusi alikuja nyumbani kwangu Kigera, peke yake. Mama Neema akamwekea kiti na chai. Chai hakuigusa.

"Baba," akaniambia, "kuna mtu amekuja kwetu."

Mtu huyo alikuwa mwenye machimbo wa Buhemba, amefiwa na mke, ana gari na jino la dhahabu. Alisikia binti wa Magesa ng'ombe wake walirudi, kwa hiyo yuko huru. Akaleta sukari, akaleta vitenge, akasema ng'ombe wake wako tayari wakati wowote. Na kule Butiama wazee walikuwa bado wana kinyongo. Hawajakaa wala hawajatuma mtu.

"Baba yangu hajasema ndiyo," Perusi akasema. "Lakini hasemi hapana kama alivyokuwa anasemaga zamani. Anasema, sasa tutamngojea nani, kama wenyewe wamenyamaza?"

"Na wewe unasemaje, mwanangu?"

"Mimi nilishasema mwezi wa sita. Wewe ndiye ulisema turudie."

Mama Neema akainamia kikombe chake. Mimi nikatazama sakafu, nikaona kila chembe ya mchanga.

Kesho yake alfajiri nilichukua baiskeli nikaenda Butiama. Wazee wale waliniweka nje siku nzima, jua linanila kichwa, wao wanapita na kunisalimia kwa adabu kubwa: "Karibu, Bwana Tena. Hukuja na tajiri wako?" Nikajibu kila salamu. Nikarudi wiki iliyofuata. Nikarudi tena na tena, mpaka mbwa wao wakaacha kunibwekea. Nikiwa njiani niliomba, na sikuombea filamu.

Mwishowe Mzee Wambura akaniingiza ndani.

"Hasira zetu zimekwisha siku nyingi," akasema. "Tulikuwa tunaangalia kama utachoka. Sasa sikiliza. Ng'ombe walitoka kwa mdomo wako. Watarudi kwa mkono wako. Leta mtamba wako mwenyewe, jike ambalo halijazaa, atembee na wa kwetu, aingie wa mwisho. Hapo hakuna atakayesema waliingia mara mbili. Watakuwa ng'ombe wengine, safari nyingine, nawe ndiye mshenga."

Mtamba! Mimi mtu wa mjini, mifugo yangu ilikuwa kuku na jogoo mmoja mchokozi.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho mtu angeweza kunipa mtamba kwa ajili yake. Nilikaa nacho sebuleni, nikakifuta vumbi kwa kanga ya Mama Neema. Mikanda ya tajiri wangu ilikuwa kwenye boksi, na Zefania hakuwa amebatizwa bado. Ilibaki onyesho hilo moja.

Mfanyabiashara wa Bunda aliyetaka kufungua banda la video alikuwa na ng'ombe. Akachukua kamera, nikachukua kamba. Nilitembea na yule mtamba kuelekea Butiama, yeye anasimama kula majani ya watu, mimi naomba radhi kwa wenye mashamba. Mweupe, ana doa jeusi usoni, ana kiburi. Tulifanana.

Uchungu nilikuwa nao, sitakudanganya. Nililia kidogo, maana njiani hapakuwa na mtu.

Nilifika Suguti na ujumbe wangu wa ushenga kabla mwenye jino la dhahabu hajaleta ng'ombe wake. Mzee Magesa alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Utakuja na kamera?"

"Sina kamera, mzee."

"Basi karibu."

Desemba Elikana akafika, amekonda kwa safari. Tukaondoka Butiama, tukalala njiani, tukafika Suguti na vumbi letu. Vigelegele vikaanza. Ng'ombe wakaingia mmoja mmoja, wapole kama waimbaji wanaopanga mstari. Wakaingia wote.

Isipokuwa wangu.

Mtamba alifika langoni akasimama. Akanusa hewa. Akageuza kichwa, akaanza kutazama tulikotoka!

Vigelegele vikafa. Nyuma ya mlango wa nyumba nikaona jicho la Perusi, jicho moja tu, halipepesi. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake na mkono mdomoni. Nikavuta kamba, mtamba akarudi nyuma hatua.

Shangazi akapaza sauti kutoka jikoni: "Bwana Tena! Mwambie ng'ombe wako hapa hatupigi picha!"

Sikujua nicheke au nife. Nikaachia kamba, nikazunguka nyuma na suti yangu ya ibada, nikainama, nikaweka bega langu kwenye makalio ya yule mnyama, bega lile lile la kamera. Nikasukuma. Akanichafua, sitaeleza vipi. Nikasukuma huku naomba kwa sauti, na mbele yangu nasikia umati wote unaitikia "Amina!" kwa kila msukumo, mpaka kwato zake zikavuka gogo la langoni na mimi nikaanguka ndani nyuma yake, kifudifudi kwenye samadi.

"Fungeni!" nikapiga kelele. "Fungeni lango!"

Wakafunga. Mzee Magesa akatoka, koti limekaa sawasawa. Akamgusa mgongo ng'ombe wa mbele, akasema, "Nimepokea." Mlango wa nyumba ukafunguka, Perusi akatoka mbio kabla shangazi hajamruhusu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita nilimwona akicheka. Alikuwa ananicheka mimi. Nikamshukuru Mungu kwa kila jino.

Hakuna mkanda wa siku ile. Wajukuu wa Mzee Magesa watasimuliwa kwa mdomo, na nina hakika nimepewa sehemu ndefu kuliko bwana harusi.

Sasa wewe kijana mwenye kamera, maana naona mmeshakuwa wengi mjini. Najua una filamu yako moyoni. Usiiue! Mungu hakukupa bure. Lakini itafutie siku yake, ng'ombe wake, na wali wake. Mtu akikuita umhifadhie siku yake, wewe ni mlinzi pale, na mlinzi hachezei alichopewa kulinda. Usikope harusi ya mtu bila kumwambia. Hata dumu lake la njano liache lilipo.

Na siku ukijisikia kusema "tena" kwenye shughuli ya wenzako, tafuna ulimi, umeze. Neno ni jepesi kutoka. Mimi nililisukuma kurudi ndani kwa bega, na mpaka leo bega linauma wakati wa mvua.